Furu wa Mwalimu anafanyiwa majaribio ugenini

Kwenye miamba ya kusini mwa Ziwa Victoria yupo furu mdogo ambaye dume wake ana wekundu mgongoni na umanjano ubavuni. Mwaka 1985 alipewa jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Jina la jenasi yake, Pundamilia, ni Kiswahili kitupu. Lakini majaribio ya kujua jike wake anavyomchagua dume yalifanyika katika matangi ya Leiden, Uholanzi.

Majaribio hayo hayakuwa mchezo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba kwenye mwanga mweupe jike humtambua dume wake kwa rangi. Ukiwasha mwanga wa chungwa unaoficha rangi, hamtofautishi tena na dume wa buluu wa spishi jirani. Maji ya ziwa yanapojaa mwani unaoneemeka kwa mbolea na majitaka, hali huwa hiyo hiyo. Kumbe uchafu unaweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja: mbili huchanganyika, ikabaki moja. Hilo huwezi kuliona mwaloni kwa kupima ndoo za samaki. Huonwa na mtu aliyekaa na samaki hai kwa miezi, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mwanafunzi wa uzamivu.

Watafiti wa Leiden walianza kazi Mwanza mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na utafiti wa pamoja wa uvuvi uliokuwa na makao Jinja, Uganda, ukasambaratika. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, ilizaliwa mwaka 1980. Tungali tunajipanga, sangara aliyepandikizwa ziwani miongo miwili na zaidi kabla alikuwa akiwamaliza furu. Spishi nyingi zilizotoweka leo zimo chupani, kwenye makumbusho ya Leiden. Hatuwalaumu Waholanzi; bila wao tusingejua hata tulichopoteza.

Tunaogopa kwamba tutarudia yale yale, safari hii tukiwa na wazamivu wetu wenyewe. Mwanafunzi anayejilipia utafiti huku akibebeshwa vipindi vya shahada ya kwanza hufanya kinachowezekana: dodoso kwa wavuvi, takwimu za zamani, sampuli za wiki mbili. Kazi hizo zina thamani yake, ila hazimfundishi mtu kufanya jaribio. Jaribio la samaki hai linataka tangi, pampu ya hewa, umeme wa akiba na fundi wa maabara anayelipwa mwezi kwa mwezi. Umeme ukikatika usiku mmoja pampu husimama, na asubuhi samaki waliozalishwa kwa vizazi viwili wanaelea. Miaka miwili ya tasnifu imekwenda. Msimamizi mwenye huruma atamshauri nini mwanafunzi wa pili, kama si kurudi kwenye dodoso?

Na maswali hayatusubiri. Vizimba vya sato vinaongezeka ziwani. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara waliokufa walitapakaa kwenye fukwe za Uganda na Kenya, na uchache wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo. Ghuba moja inabeba vizimba vingapi kabla samaki hawajakosa hewa? Jibu la Ulaya halitufai, kwa sababu maji yao ni ya baridi na samaki wao ni wengine.

Wizara, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na vyuo vikuu wajenge kituo kimoja cha matangi Mwanza, kitumiwe na wanafunzi wa vyuo vyote, kiwe na jenereta na mafundi walioajiriwa. Kila mkataba wa utafiti na chuo cha nje uweke sharti: majaribio ya samaki wetu yafanyike hapa, na mwanafunzi wetu awe ndani ya maabara, si mtafuta sampuli tu. Fungu la kazi hiyo liingie kwenye bajeti ijayo, wakati furu mwenye jina la Mwalimu angali anaogelea kwenye miamba yake.