Tembe za Nyanya zilizogeuka zambarau

Juma lililopita niliahidi tungeendelea na mambo ya karo, lakini leo naomba radhi. Karo itangoja, kwani kuna jambo lililotokea nyumbani kwangu ambalo nisingependa likupite.

Binti ya kaka yangu yumo mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, anasomea kemia. Jumamosi moja alibisha hodi kwangu amenuna kama mtu aliyeibiwa. Kabla hata hajaketi akasema, "Shangazi, nimeshindwa kutengeneza asprini."

Nilicheka. Mimi asprini hununua dukani, tembe mbilimbili, na sikuwahi kufikiri kwamba mtoto niliyembeba mgongoni angeweza kuitengeneza. Kumbe ni mojawapo ya majaribio ya kwanza wanayopewa wanafunzi wa kemia kote duniani, na kazi yenyewe huchukua saa mbili tatu tu.

Alinieleza hivi. Mwanafunzi hupima gramu 2 za asidi ya salisiliki, ambayo ni unga mweupe, akautia katika chupa ya kioo. Juu yake humimina mililita 5 za anhidridi ya asetiki na matone machache ya asidi kali ya fosforiki ya kuharakisha kazi. Hiyo anhidridi hunuka siki kali ajabu, nayo huchoma macho na ngozi, kwa hiyo hushughulikiwa ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza mvuke, na miwani haivuliwi. Tena huwekwa chini ya kufuli, kwani wahalifu huitumia kutengeneza heroini na sheria za kimataifa zinaichunga. Basi wewe kijana usomaye ukurasa huu, usidhani ni mambo ya kujaribu jikoni kwa mama!

Chupa huwekwa katika maji moto kwa dakika 10 au 15. Kisha maji hutiwa polepole ili kuimaliza anhidridi iliyosalia, na chupa ikahamishiwa kwenye barafu. Hapo ndipo fuwele nyeupe huanza kujitokeza. Wakati mwingine hukaidi, na mwanafunzi hulazimika kuparuza ndani ya chupa kwa kijiti cha kioo mpaka zikubali. Huchujwa, zikaoshwa kwa maji baridi, zikapimwa.

Na kwenye mizani ndiko binti yetu alikoaibika. Hesabu inaonyesha kwamba gramu 2 za asidi ya salisiliki haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.6 za asprini, hata fundi awe nani. Yeye alipata gramu 3.1. Wenzake walimcheka, na mmoja akamshauri aandike 2.2 kama jirani yake, mambo yaishe. Alikataa akaandika 3.1 kwa wino, akaondoka karibu alie.

Mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nami, alikuwa akisikiliza huku akichambua mchele. "Mjukuu wangu," akasema, "hata mchele ukiupima umelowa huwa mzito."

Ilikuwa vivyo hivyo. Jumatatu, fuwele zilipokauka, mizani ilisoma gramu 2.1. Hiyo ni kama asilimia 80 ya ile hesabu, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si haba.

Lakini kuwa na unga mweupe si kuwa na asprini. Lazima upimwe. Chembe chache huyeyushwa, likaongezwa tone la feriki kloridi, ambayo rangi yake ni manjano. Ikiwa asidi ya salisiliki imesalia, maji hugeuka zambarau. Asprini safi haibadilishi rangi. Yake iligeuka zambarau hafifu. Aliiyeyusha tena katika alkoholi, akaiacha ipoe taratibu, na safari hii rangi haikuja. Kipimajoto nacho kikakubali: fuwele ziliyeyuka karibu na nyuzi 135, pale inapotazamiwa asprini, ilhali asidi ya salisiliki hungoja mpaka karibu 159.

Utauliza, kwa nini asidi hiyo iogopwe hivyo, nayo pia hutuliza maumivu? Ni kweli, hutuliza. Wazungu walijua zamani kwamba gamba la mti wa wilo hupunguza homa. Kasisi Mwingereza Edward Stone aliliandikia jambo hilo mwaka 1763. Ila asidi yenyewe huunguza tumbo vibaya. Mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann, wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, aliitengeneza asprini iliyo safi, na miaka miwili baadaye ikaanza kuuzwa.

Hapo Nyanya akaweka ungo chini. "Na hizi zangu?"

Mama yangu aliwahi kuugua moyo, na daktari alimwagiza ameze tembe ndogo ya asprini kila asubuhi ili damu isigande ovyo. Alipohama Mombasa alikuja na tembe zake, alizokuwa amezitoa kwenye pakiti na kuzitia katika mkebe wa majani chai. Miezi mingi mkebe ule ulikaa jikoni kwake Kisauni, karibu na sufuria zinazochemka. Binti alifungua kifuniko, akanusa, uso ukabadilika. Siki!

Akachukua tembe tatu, pamoja na moja mpya niliyonunua mimi, na kwa ruhusa ya mwalimu wake akazisaga na kuzipima. Mpya haikubadilika kitu. Zile za mkebe ziligeuka zambarau nzito kama juisi ya zabibu. Unyevu wa Pwani na joto la jiko vilikuwa vimeivunja asprini, ikarudi kuwa asidi ya salisiliki na siki. Yaani Nyanya alikuwa akimeza dawa iliyopungua nguvu ya kuulinda moyo, huku ikimchoma tumbo. Na kweli alikuwa akilalamikia kiungulia, nasi tukilaumu pilipili.

Jumatatu iliyofuata nilimpeleka kwa daktari. Alipewa tembe mpya, akaambiwa zikae ndani ya pakiti yake, chumbani, pasipo joto wala unyevu. Daktari alinikumbusha pia kwamba asprini haipewi watoto walio chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari, kwani inaweza kuwaletea ugonjwa hatari wa ubongo na ini. Mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari nayo, na anayeshukiwa kuwa na dengi asiiguse, maana huzidisha kutokwa na damu. Na aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nyanya alitaka kuionja ile gramu 2.1 ya mjukuu wake, "nione kama inashinda ya duka." Alikatazwa, kwani kinachotengenezwa maabarani hakimezwi. Tembe zilizosalia mkebeni aliombwa na binti, ili mwalimu awaonyeshe wanafunzi wengine. Alizitoa zote bila kinyongo, ila akasema mkebe wake urudi kabla ya Ijumaa, ukiwa umeoshwa.