Wahaiti Walio Ugenini na Ujenzi wa Nchi Yao

Wako watu, na miongoni mwao wamo hata walimu, wasemao kwamba Mhaiti aliyehamia Brooklyn, Miami au Montreal ameikimbia nchi yake, na kwamba fedha azitumazo kwao huwazoesha jamaa zake uvivu. Niliyasikia maneno hayo katika kikao kimoja cha watumishi, yakisemwa kwa kujiamini sana na mtu ambaye, nilipomwuliza, hakujua Haiti iko upande gani wa ramani. Maneno hayo hayafai kunyamaziwa, kwa sababu yanamtwika mnyonge kosa la aliyemnyonya.

Tuulize kwanza: ni nani aliyeifilisi Haiti? Watumwa wa nchi ile, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa kimoja katika Bahari ya Karibi, walijikomboa kwa mikono yao wenyewe, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Mwaka 1825 Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa alipeleka manowari kudai faranga milioni 150, eti ziwe fidia kwa mabwana waliopotewa na mashamba na watumwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtumwa amlipe bwana wake thamani ya mwili wake mwenyewe! Mwaka 1838 dai hilo lilipunguzwa likawa faranga milioni 90, lakini madeni yaliyotokana nalo yaliendelea kulipwa hadi mwaka 1947. Kisha ukaja utawala wa akina Duvalier, baba na mwana, tangu 1957 hadi 1986, uliowatisha wasomi kwa bunduki hata wakahama. Baadhi yao walikwenda Kongo baada ya uhuru wa 1960, wakafundisha na kutibu huko, huku watoto wa Haiti wakikosa walimu. Je, hao walikimbia wajibu, au walifukuzwa?

Ama kuhusu hizo fedha, katika miaka ya karibuni Wahaiti walio ugenini wametuma kwao zaidi ya dola bilioni 3 kila mwaka, yaani kiasi cha moja ya tano ya pato lote la taifa. Wengi wa watumaji si matajiri. Ni mwuguzi wa zamu ya usiku, ni dereva wa teksi, ni mfagiaji wa hoteli. Na fedha zao huishia kwenye mchele, dawa na ada, maana shule nyingi za Haiti si za serikali. Ni mtoto gani aliyepata kuwa mvivu kwa kulipiwa ada?

Hata hivyo, nikubali jambo moja: fedha ya chakula huliwa ikaisha. Huingia nyumba kwa nyumba, isifike kwenye barabara wala mfereji. Ili ijenge nchi, anayeitoa hana budi kuwa na sauti katika mipango, na hapo ndipo watawala wa Haiti walipowadhulumu ndugu zao. Aristide, aliyeingia madarakani Februari 1991, aliwaita jimbo la kumi, kwani wakati huo nchi ilikuwa na majimbo tisa. Jina tamu! Lakini Katiba ya 1987 ilimvua uraia kila aliyechukua uraia wa nchi nyingine, na katazo hilo halikuondolewa hadi marekebisho yaliyotangazwa mwaka 2012. Uchaguzi wa 2016 nao ulipita bila sanduku hata moja la kura kuwekwa ng'ambo kwa ajili yao. Kodi, kwa upande wake, haikuwasahau. Mwaka 2011 Rais Martelly alianzisha makato ya dola moja na nusu kwa kila fedha itumwayo, na senti tano kwa kila dakika ya simu itokayo nje, ili kugharimia elimu ya bure. Nia yaweza kuwa njema, ila makato yalianza kabla ya Bunge kuyatungia sheria, na mwaka 2018 baadhi ya Wahaiti walifungua kesi katika mahakama ya New York. Ng'ombe wa kukamuliwa hana kiti barazani.

Wakulima wa Haiti wana desturi iitwayo konbit. Baragumu la kombe hulia asubuhi, majirani hukusanyika na majembe katika shamba la mwenzao, ngoma ikawapa mwendo, naye mwenye shamba huwapikia. Kesho zamu ni ya mwingine. Sisi tungeiita msaragambo. Waliohama walisafiri nayo: wenyeji wa mji mmoja wakutanapo ugenini huunda chama cha mji wao, wakachanga, wakajenga shule au zahanati kwao. Agosti 2023, huko Ouanaminthe, kaskazini-mashariki, wananchi walishika upya kazi ya mfereji wa kutoa maji katika Mto Massacre (jina hilo ni la kale kuliko mauaji ya Wahaiti ya 1937, ingawa wengi huyachanganya) ili kunywesha uwanda wa Maribaroux. Kazi hiyo ilikuwa imesimama mwaka 2021, Rais Moïse alipouawa. Jamhuri ya Dominika ilipinga, ikafunga mpaka tarehe 15 Septemba 2023. Wachimbaji hawakuweka majembe chini. Wenyeji walitoa nguvu na chakula, walio ugenini wakatuma michango yao, wala hawakungoja mfadhili awaeleze maana ya kujitegemea.

Mwaka ule ule nchi ile haikuwa na mbunge hata mmoja aliyechaguliwa. Muda wa maseneta kumi wa mwisho ulikuwa umekwisha tangu Januari.