Mcheza kwao hutuzwa, lakini acheze wapi?

Mwaka wa 2003, Kombe la Dunia la kriketi lilichezwa Afrika Kusini, na baadhi ya mechi zikapewa Zimbabwe na Kenya. Wenyeji walioteuliwa kuliandaa kombe hilo mwaka wa 2027 ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Msomaji na azilinganishe orodha hizo mbili. Jina moja limetoka na jingine limeingia. Sina kinyongo na Namibia, kwani aliyelima ndiye avunaye. Ninalotaka kuuliza ni hili: sisi tuliacha kulima lini, na shamba lenyewe lilikuwa wapi?

Majibu ya kawaida tunayajua. Wapo wanaolaumu uongozi, na wapo wanaokumbusha mgogoro wa wachezaji na chama chao katika miaka ya 2004 na 2005, mgogoro uliozaa chombo kipya cha kuendesha mchezo huu. Wengine hutaja umaskini wa hazina. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, naona kuwa yanaeleza jinsi nyumba ilivyobomoka bila kueleza kwa nini ilikuwa imesimama juu ya nguzo chache mno. Ili kulielewa hilo, hatuna budi kumtazama kijana mmoja arushaye mpira wa kasi na kuuliza ametoka wapi.

Thomas Odoyo alizaliwa Nairobi mwezi wa Mei 1978. Tarehe 18 Februari 1996, kabla hajatimiza miaka kumi na minane, alisimama uwanjani Cuttack, India, katika mechi ya kwanza ya Kenya ya Kombe la Dunia. Siku hiyo Sachin Tendulkar aliiadhibu timu yetu kwa mikimbio 127 asitolewe. Ni vijana wachache wa rika la kidato cha nne waliopata kufundishwa somo gumu kiasi hicho mbele ya umati mkubwa kiasi hicho. Siku kumi na moja baadaye, mjini Pune, kijana huyo huyo alikuwamo katika kikosi kilichofunga mikimbio 166 tu, kisha kikaitoa West Indies nzima kwa 93. Ulimwengu ulishangaa. Odoyo aliendelea kukomaa hadi akapita wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja, na mwaka wa 2007 Baraza la Kimataifa la Kriketi likamtunuku tuzo ya mchezaji bora wa mechi hizo kutoka mataifa yasiyocheza mechi za Test.

Hapo ndipo wengi wetu huishia, tukisema Mungu alitupa kipaji. Lakini hebu tuitazame timu aliyokuwamo. Katika kikosi cha wachezaji 15 kilichofika nusu fainali mwaka wa 2003, Martin na Tony Suji walikuwa ndugu. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya nao walikuwa ndugu. Wachezaji watano, yaani theluthi nzima ya kikosi, walitoka katika familia mbili. Kabla yao tulikuwa na akina Tikolo, yaani Tom, David na Steve, na akina Odumbe, Edward na Maurice. Tuliwasifu kwa udugu wao, na walistahili sifa. Lakini taifa la mamilioni ya watu linapochota timu yake katika nyumba chache namna hiyo, ni dalili kwamba kisima ni chembamba. Kaka alimfundisha mdogo wake kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumfundisha. Kizazi hicho kilipozeeka, nyuma yake palikuwa patupu. Kombe la Dunia la 2011 likawa letu la mwisho, na mwaka wa 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Kwa nini kisima kikawa chembamba? Jibu moja limeandikwa katika ramani ya Nairobi. Serikali ya kikoloni iliugawa mji huu kwa rangi: Wazungu wakapewa magharibi, Wahindi kaskazini, na Waafrika wakapangwa mashariki, ng'ambo ya reli na karibu na viwanda. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni na mitaa iliyofuata ilijengwa ili kuhifadhi nguvu za kazi. Vilabu vya kriketi vilifuata mgawanyo huo huo. Ndiyo maana Nairobi Gymkhana, Sir Ali na Aga Khan viko upande wa Ngara, Pangani na Parklands. Baada ya Uhuru sheria za ubaguzi ziliondoka, lakini viwanja havina miguu. Vilibaki pale pale vilipojengwa. Mtoto Mwafrika aliyebahatika kuishi karibu na ua wa klabu aliweza kuokota mipira, kutazama, na hatimaye kuingia. Mtoto wa Dandora au Kayole aliusikia mchezo huo redioni tu.

Nimezunguka mitaa ya Eastlands kwa miaka mingi, na sijaona uwanja wa kriketi ulio wazi kwa mtoto yeyote. Nimeona kandanda kila mahali. Jericho ina Camp Toyoyo, na kando ya Barabara ya Jogoo pana City Stadium. Huko Mathare, chama cha michezo cha vijana kilichoasisiwa mwaka wa 1987 kilikuza timu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008. Wanaodai kuwa mtoto wa mtaani hana nidhamu ya kufundishwa wamekwisha kujibiwa na Mathare United. Wala mikono haikosi kazi. Watazame watoto wakicheza kati kwa mpira wa karatasi na mifuko: huyu anarusha, yule anarusha, wa katikati anakwepa. Shabaha wanayo, na macho pia wanayo.

Lakini kurusha mpira wa kriketi kwa kasi si kurusha jiwe. Sheria haimruhusu mchezaji kukunja kiwiko kisha kukikunjua kama atupaye jiwe. Mkono huzungushwa juu ya bega, na nguvu hutoka katika mbio, kiuno na mguu wa mbele unaokita ardhini. Kila mpira mmoja huutwisha mguu huo mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mifupa ya uti wa mgongo ya kijana wa miaka kumi na sita haijakauka, na akirushishwa kupita kiasi hupasuka. Ndiyo sababu Uingereza imeweka kanuni zinazopima ova za kijana kulingana na umri wake. Kwa hiyo mrusha mpira wa kasi huhitaji vitu vitatu: mahali pa kukimbilia, mtu wa kumwelekeza, na mtu wa kumwambia basi kwa leo. Kipaji bila vitu hivyo ni mbegu juu ya lami.

Yupo atakayenijibu kuwa kipaji cha kweli hakizuiliki. Namwomba avuke mpaka hadi Kampala. Mwezi wa Juni 2024, Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova ishirini kwa mara ya kwanza, ikaishinda Papua New Guinea baada ya kuitoa kwa mikimbio 77. Miongoni mwa warusha mpira wake wa kasi alikuwamo Juma Miyagi, kijana wa miaka 21 hivi aliyekulia katika mtaa wa mabanda wa Naguru. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuiwakilisha nchi yake katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 19. Je, Naguru ni tajiri kuliko Korogocho? La hasha. Lakini Lugogo, ulipo uwanja mkuu wa kriketi wa Uganda, pako chini ya kilima cha Naguru, mwendo wa miguu. Zaidi ya hayo, Uganda ina mashindano yake ya kila mwaka ya kriketi ya shule, ambayo humpa kijana ngazi ya kupandia. Umaskini haukumzuia Miyagi kwa sababu umbali haukumzuia.

Mfano wa pili ulipita mbele ya macho yetu. Tarehe 3 Oktoba 2000, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, India ilimchezesha kwa mara ya kwanza kijana aitwaye Zaheer Khan, dhidi ya Kenya. Alizaliwa mwaka ule ule wa 1978 aliozaliwa Odoyo, katika mji mdogo wa Shrirampur. Odoyo alikuwa amemtangulia kwa Kombe la Dunia mara mbili. Lakini Zaheer alikuwa amepitia chuo cha warusha mpira huko Chennai, na mbele yake palikuwa na ligi za majimbo na mechi za siku tano. Alistaafu akiwa na wiketi 311 za Test. Odoyo hakupata kucheza hata Test moja, kwa kuwa Kenya haikuwahi kuruhusiwa. Sisemi kwamba wangelingana. Nasema kwamba mmoja alikuwa na ngazi mbele yake, na mwingine alitakiwa kuruka.

Tufanyeje basi? Kwanza, tulinde ardhi. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka wa 2004, ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kila uwanja wa shule unaomegwa Eastlands ni mrusha mpira, mkimbiaji au kipa anayemegwa kabla hajajulikana. Pili, tuache kudhani kuwa lazima tuanze na nyasi za Gymkhana. Utepe wa saruji wa mita ishirini na ushei, uliotandikwa mkeka, hutosha shule nne za jirani wakipokezana. Huko Pakistan vijana wengi wameanzia vichochoroni kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa gundi. Tatu, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017 umeweka njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za sekondari ya juu. Njia hiyo isipokuwa na viwanja na walimu waliofunzwa, itakuwa jina zuri juu ya mlango uliofungwa.

Najua mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sabini atauliza kwa nini aongezewe mzigo wa mchezo wa kigeni. Ni swali la haki. Sitaki kriketi iondoe kandanda, wala sidai kila shule iwe na timu. Ninachokataa ni mtoto wa mashariki ya jiji kuchaguliwa mchezo na ramani iliyochorwa na mkoloni. Wanafunzi nao wasisubiri. Mwenye mkono mwepesi na aulize, kwani vilabu vya Ngara na Pangani ni safari ya matatu moja au mbili, na vinahitaji vijana kuliko wakati mwingine wowote.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Walichukulia kwamba kwao pana mahali pa kuchezea. Kombe la 2027 likichezwa, watoto wa Umoja na Kariobangi watalitazama. Tusiwaambie kuwa hawana vipaji, hali hatujawahi kuwapa mita ishirini za kuvionyesha.