Soko la Nyumba Limepoa, na Bei Halisi Bado ni Siri

Leo naweka kando mambo ya programu na simu kidogo, nizungumzie nyumba. Msiondoke, kwa sababu mwishowe mtaona kwamba hili nalo ni suala la data kama yale mengine tunayojadili hapa.

Shangazi yangu amestaafu ualimu na anauza nyumba yake iliyoko Kasarani, Nairobi. Anataka kumalizia nyumba ya kijijini na kumlipia kitindamimba wake karo ya chuo. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo wetu, nimepewa kazi mbili: kupiga picha za kuweka mtandaoni na kutafuta bei inayofaa. Picha nilizimaliza asubuhi moja. Bei ndiyo imenitoa jasho.

Wakala wa kwanza alisema milioni 15. Wa pili akasema milioni 12. Kwenye tovuti za matangazo, nyumba zinazofanana kama mapacha zinatajwa kwa bei za kila aina. Shangazi, kama binadamu mwingine yeyote, alipenda ile ya 15.

Lakini hizo zote ni ndoto za wauzaji. Bei ya tangazo ni ile ambayo mtu anaomba, si ile ambayo mtu mwingine alilipa. Kuitegemea ni sawa na kupima kasi ya programu kwa kusoma maneno ya tangazo lake badala ya kuiendesha na kuangalia saa.

Nimeandika programu ndogo inayopitia matangazo ya mtaa ule kila wiki na kuyahifadhi. Nilichoona ni kwamba nyumba zile zile zinarudi zikiwa na picha mpya, tarehe mpya na maneno "bei ya ofa". Anayefungua tovuti leo anadhani tangazo ni la jana, kumbe nyumba imekaa sokoni miezi mingi. Na tangazo likitoweka, hujui kama nyumba imeuzwa au mwenyewe amekata tamaa akapangisha.

Soko likiwa moto, kutojua huku hakuumizi sana. Ukitaja bei ya juu, unangoja miezi kadhaa na bei za wengine zinakufikia. Soko likipoa, wakati unageuka kuwa adui. Unaanza na 15, unashusha hadi 14, halafu 13, na kila mara soko limekwisha kupita hapo. Wanunuzi nao wanaanza kuulizana, "Ile nyumba ina kasoro gani mbona haiondoki?" Mwishowe unauza kwa bei ya chini kuliko ile ambayo ungepata siku ya kwanza kwa kutaja bei ya kweli.

Na sababu za kupoa tunazijua. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024, na ingawa ilianza kuipunguza Agosti mwaka huo, mikopo ya benki haishuki kwa kasi ile ile iliyopandia. Mishahara nayo imekatwa kutoka pande zote: michango ya NSSF iliongezwa mwaka 2023, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ikaja mwaka huo huo, na bima ya afya ya asilimia 2.75 ikaanza Oktoba 2024. Tena nchi hii yenye watu zaidi ya milioni 47, kwa hesabu ya sensa ya 2019, ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Mnunuzi wa shangazi hataletwa na benki. Huenda ataletwa na akiba ya SACCO, pesa za chama au ndugu aliye ughaibuni, na mtu wa namna hiyo huhesabu kila shilingi.

Kwa hivyo nilimwambia shangazi kabla hajamwita fundi wa rangi: tuanze na makaratasi. Mnunuzi makini siku hizi humtuma wakili wake achunguze hati kwenye Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia hapa Nairobi. Akikuta jina la marehemu kwenye hati, au deni la kodi ya ardhi ya kaunti, anaondoka hata kama ukuta unang'aa. Tukaandika orodha:

1. Hati miliki iwe katika jina sahihi. Kama ni la marehemu, mirathi ikamilike kwanza.
2. Cheti cha kuonyesha hakuna deni la kaunti, na kama ardhi ni ya kukodi serikalini, cheti cha pango la ardhi pia.
3. Idhini ya mume au mke, ikiwa ni nyumba ya ndoa.
4. Ramani za ujenzi zilizoidhinishwa, pamoja na risiti za maji na umeme.
5. Hesabu ya kodi.

Hiyo ya tano inashangaza wengi. Tangu Januari 2023, kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15, kutoka 5. Chukua mfano wa mtu aliyenunua kwa milioni 6 na kuuza kwa milioni 12. Kabla ya kuondoa gharama zinazokubalika, kodi ni shilingi 900,000, ambapo zamani ingekuwa 300,000. Lakini ukiwa umeishi katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka mitatu hadi siku ya kuiuza, unasamehewa. Hapo ndipo ushauri wa kawaida wa "hama, pangisha, kisha uuze taratibu" unaweza kuwa wa hasara kubwa. Shangazi bado anaishi kwake, na nimemsihi asihame mpaka amalize kuuza. Mnunuzi naye ana mzigo wake: ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini, yaani 480,000 juu ya hiyo milioni 12, kabla ya wakili.

Baada ya makaratasi, tulirekebisha vitu ambavyo mnunuzi wa Nairobi huvigusa kwa mkono: tangi la maji na pampu, mifereji inayovuja, swichi, kufuli la geti. Marumaru mpya za sebuleni tuliziacha. Soko likiwa limepoa, pesa za marumaru hazirudi.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Bei halisi za nyumba katika nchi hii zipo. Kila nyumba inapohamishwa jina, mthamini wa serikali huikadiria thamani, ushuru wa stempu hulipwa, na kumbukumbu hubaki. Serikali inazo. Benki na wathamini wana vipande vyao. Asiye na kitu ni mwalimu mstaafu anayeuza mali yake ya pekee. Kule Uingereza na Wales, ofisi ya ardhi imeweka wazi bei ya karibu kila nyumba iliyouzwa tangu Januari 1995, na mtu yeyote anaweza kupakua bila malipo. Mimi nadai hicho hicho hapa: Ardhisasa itoe kila mwezi bei, mtaa, ukubwa na aina ya nyumba iliyouzwa.

Najua mtasema nini. La kwanza, usalama na faragha. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki majina wala namba za nyumba. Mtaa na mwezi vinatosha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tunayo. La pili, watu wengine huandika bei ya chini ili kukwepa ushuru. Pia ni kweli. Lakini data yenye kelele inaweza kusafishwa, na isiyoonekana haiwezi.

La tatu, data si uganga. Zillow ya Marekani ilikuwa na data ya mamilioni ya nyumba, ikaanza kununua nyumba yenyewe mwaka 2018 kwa kutegemea hesabu za tarakilishi. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza takriban robo ya wafanyakazi, kwa sababu haikuweza kutabiri bei za miezi michache mbele. Kwa hivyo siombi programu ya kumwambia shangazi nyumba yake itauzwa ngapi kesho. Naomba ajue jirani aliuza ngapi mwezi uliopita.

Kwa sasa tumeiweka sokoni kwa milioni 12.2, na makaratasi yote yako kwenye bahasha moja. Wawili wamekuja kuiangalia, na mmoja amemtuma wakili. Akitoa 11.5, je, shangazi akubali? Kwa nchi yenye mfumo wa ardhi wa kidijitali, jibu langu lisingefaa kuwa kubahatisha.