Hesabu za Mto Mara Zataka Kuulizwa



Mwezi wa Machi mwaka 2022 maji ya Mto Mara, upande wa chini karibu na daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wengi wakafa. Serikali ilikataza watu kuyatumia, kisha ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Jibu la kamati lilikuwa kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na majani yaliyooza, wala si migodi. Watu wengi walicheka. Mimi nilikuwa darasa la saba, nami nilicheka. Tangu lini mavi ya ng'ombe yakaua samaki?

Sasa naona kicheko changu kilikuwa cha ujinga. Kinyesi kikioza majini, vijidudu vinavyokiozesha hutumia oksijeni iliyomo, na samaki hukosa pumzi. Jambo hili limepimwa katika mto huu huu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walieleza kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya huacha mtoni kiasi cha kilo 8,500 za mabaki ya nyasi kila siku. Katika mafuriko 55 waliyoyapima kwa miaka mitatu, oksijeni ilipungua mara 49. Basi kinyesi chaweza kuua samaki.

Lakini jambo linaloweza kutokea si lazima liwe ndilo lililotokea, na watu wa kwetu wana sababu ya kuuliza. Mto Tigithe, upitao Nyamongo karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, humwaga maji yake katika Mara. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tumwamini nani basi? Nasema tuziulize hesabu zenyewe, kwa maswali matatu.

Kwanza, maji yalichotwa lini? Mto haungoji mtu. Maji ya siku ya tano si yale yaliyoua samaki siku ya kwanza. Hata kwa siku moja oksijeni hubadilika: alfajiri huwa kidogo, na mchana, mimea ya majini ikipata jua, huongezeka.

Pili, yalichotwa wapi? Anayetaka kujua kama mgodi wachafua mto, sharti apime juu ya mgodi na chini yake, apate kuona tofauti.

Tatu, chombo kina uwezo gani? Shirika la Afya Duniani lashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 ya aseniki kwa lita. Kama chombo hakioni chini ya 0.05, basi neno "haikuonekana" halituambii kwamba haimo.

Tena vipimo vya siku ya msiba havina maana kubwa bila vya siku za kawaida. Kwa hiyo napendekeza kila shule ya sekondari iliyo karibu na mto iwe na daftari la mto. Kila Jumamosi wanafunzi wawili wapime joto la maji, uchachu wake na ung'avu wake, mahali pale pale na saa ile ile, waandike na mvua iliyonyesha. Mwalimu awepo, na ndoo iwe na kamba ndefu, kwa maana mamba hajui kwamba tumekuja kwa ajili ya sayansi. Aseniki na sayanidi hatuwezi kupima. Hiyo ni kazi ya maabara za Serikali. Yafaa matokeo yake yabandikwe katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, pamoja na siku na mahali.

Mwenzangu mmoja wa bwenini aliniambia kwamba kidato cha nne hatuna nafasi, mtihani wa Taifa u mlangoni. Nilimjibu kwamba kazi yenyewe ni ya saa moja kwa juma, na maji tutayanywa hata baada ya mtihani. Siku mto utakapogeuka mweusi tena, tusije na vicheko na uvumi tu. Tuje na daftari letu.