Sarafu yenye kosa na sarafu mbovu

Pale Kondele, karibu na daraja la juu la barabara iendayo Kakamega, neno “kosa” limegeuka kuwa bidhaa. Utamsikia kijana akimnong’oneza mwenziwe kwamba anayo sarafu yenye kosa, na kwamba yuko mnunuzi Nairobi, au ng’ambo, awezaye kuilipia maelfu. Hivi karibuni mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha sarafu ya shilingi 20, ile vijana waiitayo mbao, aliyoinunua kwa shilingi 1,500. Fedha hizo alikuwa ametumiwa na shangaziye alipie chumba. Ukingo wa sarafu ulikuwa umebonyea, na uso wa Mzee Jomo Kenyatta umefutika nusu. Nilimweleza kwamba anachomiliki ni shilingi 20.

Simcheki hata kidogo. Kilichomponza ni neno. Kiswahili chatupa kosa, kasoro, dosari, hitilafu na uharibifu, lakini wachuuzi hawa wameyatia yote katika kapu moja. Walimu wa lugha wanaifahamu hatari hiyo. Mnamo 1967 S. Pit Corder alitenganisha kosa la mwanafunzi litokanalo na mfumo wa lugha anaoujenga kichwani, na mtelezo wa ulimi utokanao na uchovu au haraka. Mtafiti hulihifadhi lile la kwanza kwa sababu humfunulia jambo. Mtelezo huuacha upite. Wakusanyaji wa sarafu nao hufanya vivyo hivyo, ingawa wengi wao hawajapata kulisikia jina la Corder.

Sarafu huanzia kwenye bamba refu la metali. Mtambo hukata visahani, mwingine huinua kingo zake, kisha kila kisahani huwekwa ndani ya pete, baina ya chapa mbili, na kukandamizwa kwa nguvu kubwa mno. Kosa la kweli sharti liwe na mahali pake katika hadithi hiyo. Chukua sarafu iliyomegwa kama mwezi mchanga. Kama kisahani kilikatwa mahali palipokwisha tobolewa, basi aghalabu ukingo wa upande wa pili, mkabala na mmego, utakuwa dhaifu, kwa kuwa wakati wa kuinuliwa ulikosa kitu cha kuukinza. Fundi wa jua kali aweza kuumega ukingo kwa tupa dakika mbili tu, lakini ule udhaifu wa ng’ambo ya pili hataukumbuka. Vilevile, chapa ikipasuka, metali hujaa katika ufa wake, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari huchimba. Hiyo pekee ingaliwaokoa wengi: pitisha ukucha juu ya mstari.

Linalotatiza zaidi ni ufuaji hafifu, kwani nao watoka kiwandani. Chapa iliyochakaa kwa kupiga sarafu nyingi hutoa herufi zilizofifia. Mafuta yakiziba herufi ndani ya chapa, neno hutoka pungufu. Mara nyingine chapa huteleza kidogo wakati wa kugonga, na maandishi yakaonekana maradufu. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kivuli bapa, kama ngazi iliyoparuzwa. Hayo hayana soko la kutajika. Linalotafutwa ni lile la chapa yenyewe kutengenezwa ikiwa na picha mbili, ambapo kila herufi ya pili imeumuka kama ya kwanza na pembe zake zimegawanyika. Tofauti ni ndogo kwa jicho, kubwa kwa bei.

Mfano mashuhuri ni wa Uingereza. Mwaka 2008 sura ya peni 20 ilibadilishwa, na mwaka wa kutengenezwa ukahamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chapa ya zamani ya upande wa kichwa ikatumiwa pamoja na chapa mpya ya upande wa pili, na sarafu zikatoka bila mwaka wowote. Zilikuwa safi, zenye kung’aa. Wakusanyaji walizigombea, na ukitazama hazina hata mkwaruzo!

Kwetu, mengi yaitwayo makosa si makosa kabisa. Herufi H, KN au SA kwenye senti za tundu za Afrika Mashariki ni alama za viwanda: Heaton ya Birmingham, Kings Norton, na Pretoria. Senti za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla ya mwaka kwisha, zilitolewa kihalali na ni nyingi. Sarafu zetu za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka kichwa cha Mzee. Hakuna aliyeyasahau, yaliongezwa 1969. Na ile ya shilingi 40 ya 2003, yenye sura ya Rais Kibaki, iliadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ati kuna anayeiuza kama kosa la hesabu!

Walimu wangeweza kuifanya hii kazi ya darasa. Sarafu 10 za mwaka mmoja, mizani ya sonara na kioo cha kukuzia vyatosha. Mwanafunzi aulizwe: jambo hili lingetokea katika hatua ipi ya ufuaji? Akikosa hatua, sarafu iliharibiwa baadaye, kwa nyundo, kwa moto au kwa gurudumu la matatu. Akiipata, aulize tena kama sarafu nyingine tisa zina alama iyo hiyo. Zikiwa nayo, huenda ni chapa chakavu tu.

Benki Kuu, ambayo ina tawi papa hapa Kisumu, itaitambua sarafu kwa thamani iliyoandikwa juu yake, basi. Ziada yote hutoka kwa mkusanyaji, na mkusanyaji mwenye nia hutaka picha za pande zote mbili, picha ya ukingo, na uzito. Wale wanaowapigia simu wanafunzi wetu hawayaulizi hayo. Wao huanza kwa kudai watumiwe “ada ya ukaguzi” kwa M-Pesa.