USALAMA NYUMBANI: Chupa ya labo si ya jikoni

Pengine mutoto wako anasomea kemia, ao bwana yako anatumika mu labo. Basi ujue dawa moja inayoitwa klorotrimetilisilani. Haina rangi, inafanana na maji safi, lakini haipatane na maji hata kidogo.

Ndani yake muna silisiumu na klore. Watu wa kemia wanaitumia wakati wa kutengeneza dawa za hospitali: inafunika upande mumoja wa molekuli ili usiharibike wakati wanatumika ku upande ingine.

Ikigusana na maji, hata unyevu wa hewa, inatoa gazi ya asidi yenye kuunguza macho, koo na mapafu. Inachemka kwa digri 57, na mvuke wake unashika moto upesi sawa esanse. Ndiyo maana wenye kuitumia wanavaa miwani na gloves, wanaifungua pahali pakavu penye mashini ya kuvuta hewa. Ikiwaka, wanaizima na poda kavu.

Sasa wewe muzazi: chupa ya labo ikifika kwako, usiifungue, usiisuuze ili utie mafuta. Maji yale ya kusuuza ndiyo yataamsha gazi. Uirudishe labo. Ikigusa macho ya mutoto, uyaoshe na maji mengi dakika 15, kisha mukimbie hospitali.